Ndege za Mafia, Mizinga ya Mombasa na Moto wa Witu

Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mizinga ya manowari mbili zilizokuwa maadui imewekwa mahali pamoja. Mmoja ni wa Pegasus ya Waingereza, iliyopigwa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Wa pili ni wa Königsberg ya Wajerumani, ndiyo iliyoipiga. Mzinga mwingine wa Königsberg uko Pretoria, ambako Afrika Kusini iliupeleka kama nyara.

Ndege zilizoiwinda Königsberg hazikupata hifadhi kama hiyo. Manowari ilipojificha katika delta ya Rufiji, Waingereza walileta ndege, na mwaka 1915 wakaweka kituo chao kisiwani Mafia. Zile za Sopwith zilishindwa na joto la pwani: gundi ililegea, mbao zikapinda. Zikafuata za Henri Farman na Caudron, zikiruka kutoka uwanja uliofyekwa kisiwani. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Mwingereza Cull alirusha Farman juu ya mikoko, huku mwenzake Arnold akipeleka habari kwa simu ya upepo kuhusu mahali makombora ya Waingereza yalipoangukia. Ndege ikapigwa. Ilipokuwa ikishuka, Arnold aliendelea kurekebisha shabaha. Siku hiyo Königsberg iliwaka, na nahodha Looff akaamuru ilipuliwe.

Wapenzi wa ndege wa Uingereza huusimulia mkasa huu kuwa ushujaa wa marubani wao. Wajerumani huwakumbuka mabaharia waliong'oa mizinga yao 10 na kuipeleka kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi yao. Kila upande una haki ya kuwalilia watu wake. Lakini wapagazi walioivuta mizinga hiyo porini hawakuwa na bendera katika ugomvi huo, na simulizi zote mbili huwapita upesi.

Sisi wa Lamu tunalijua jambo hili la watu kupitwa na historia kupitia Witu, jirani yetu wa bara. Ujerumani iliichukua chini ya ulinzi wake mwaka 1885, ikafungua posta mjini Lamu mwaka 1888, kisha mwaka 1890 ikawaachia Waingereza. Wajerumani walipouawa Witu mwaka huohuo, Admirali Fremantle wa Uingereza alikwenda na askari wake, mji ukachomwa moto. Leo posta ile ni jumba la makumbusho, na mgeni aghalabu huondoka Lamu bila kufika Witu. Kwa maoni yangu, hapo tumekosea mpango. Siwa ya Pate, baragumu la pembe ya ndovu, imehifadhiwa Lamu, na mtoto wa Pate anaweza kupanda mashua akaione. Mtoto wa Witu naye anastahili kuonyeshwa historia ya mji wake palepale ulipoungua.

Vivyo hivyo kwa ndege: ikiwa kuna watakaoiunda upya Farman ile, wawe Waingereza au wengine, ipelekwe Mafia. Iwekwe chini ya paa, mbali na chumvi ya bahari, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili, yakianza na watu walioufyeka uwanja.