Kimeingia, Lakini Je, Kimeendana?

Fundi wa redio akimaliza kazi hutamka neno moja: imeingia. Betri imeingia, fyuzi imeingia, spika ya gari imeingia kwenye boksi la redio ya mezani. Ni neno la haki, maana kwa vifaa vingi kuingia ndiyo kazi yenyewe. Mashine ya santuri ndiyo inayoliumbua. Vichwa vingi vya kusomea santuri hufungwa kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 12.7, yaani nusu inchi, na mikono mingi inayovishika imetobolewa kwa kipimo hichohicho. Kwa hiyo kichwa cha Denmark kitaingia kwenye mkono wa Japani, na cha Japani kwenye mkono wa Uingereza, bila ubishi. Kisha unaweka santuri, na unaanza kujiuliza kama hawa wawili waliwahi kutambulishana.

Huku kwetu Ihanda swali hili haliulizwi kila siku. Mashine ninayoitumia ilikuja ya mtumba kutoka Kampala kupitia mpaka wa Mutukula, ikiwa na mkono mzima na kichwa kilichovunjika. Fundi mmoja wa Omurushaka akanifungia kichwa kingine kutoka kwenye kopo lake la vipuri.

"Mwalimu, kimeingia," akasema.

"Kimeingia, fundi, lakini hebu tazama spika."

Tukatazama. Wimbo ulikuwa haujaanza, sindano ilikuwa bado kwenye mfereji mtupu wa mwanzo wa santuri, na koni ya spika kubwa ilikuwa ikitoka nje na kurudi ndani, taratibu, bila sauti yoyote. Fundi akainama karibu zaidi. "Inahema," akasema.

Sijakutana na istilahi iliyo bora kuliko hiyo, na nimepekua kamusi kadhaa.

Majina ya viungo vyenyewe hayana shida. Mkono, kichwa, sindano, mfereji: yote yamo midomoni mwa watu tangu zamani. Neno mkono hata limelipita jina la Kiingereza. Waingereza huuita mkono wa sauti, jina lililobaki tangu enzi za gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, ambapo mkono ulikuwa bomba tupu na sauti ilipita ndani yake mpaka kwenye pembe. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri zake zilichezwa hivyo, kwa sindano ya chuma iliyobadilishwa kila baada ya upande mmoja. Siku hizi hakuna sauti inayopita mkononi, ni nyaya nne nyembamba tu. Sisi tuliosema "mkono" bila kuongeza kitu hatuna la kusahihisha.

Mashine nzima nayo iliwahi kuitwa kinanda, jina lililogawiwa bila uchoyo kwa gambusi, piano, ogani ya kanisani na gramafoni. Ukiwa mtu wa huku huwezi kulisikia neno hilo bila kukumbuka enanga, ala ya Wahaya na Wanyambo: ubao mrefu uliochimbwa, na uzi mmoja unaokwenda na kurudi juu yake mpaka zikapatikana nyuzi saba au nane. Kama kinanda na enanga ni ndugu wa tumbo moja, hilo nawaachia wanaisimu. Ninachojua ni kwamba Waganda nao waliichukua ennanga yao wakaipa ogani na piano, safari ileile iliyosafiriwa na kinanda pwani. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliporekodi enanga ya Wahaya mwaka 1950, rekodi zake zikaja kutolewa kwenye santuri, na hivyo enanga ikaingia ndani ya kinanda. Nimejitenga kidogo na mada, lakini tutaihitaji enanga baadaye.

Ugumu unaanza pale tunapoacha viungo na kutaja tabia. Tabia ya kwanza ni ya mkono. Mkono wa santuri una jiwe la mzani nyuma ya egemeo, na ukilisogeza vizuri, upande wa mbele unaelea. Kisha unalisogeza tena kidogo ili sindano ikandamize kwa gramu 2 hivi. Ukipima kwa mizani ndogo ya sonara, utaona gramu 2. Lakini mkono huo unapotakiwa kupanda na kushuka kufuata santuri iliyojikunja, haujibu kama kitu cha gramu 2. Mkono wa Technics SL-1200, mashine iliyowalisha ma-DJ wa miji mingi, hujibu kama kitu cha gramu 12. Vitabu vya fizikia vina tungamo na inesha kwa ajili ya jambo hili, na mwandishi wa kitabu ana haki ya kuvitumia. Mimi nabaki na uzito. Mwenye mizani atanipinga, ila mzungumzaji wa Kiswahili ananielewa: tunasema mtu ni mzito wa kuamka bila kumweka kwenye mizani. Uzito kwetu ni pia kuchelewa kutii msukumo. Huo ndio uzito wa mkono, na ule wa gramu 2 unastahili jina lake: mkandamizo wa sindano.

Tabia ya pili ni ya kichwa, na hapa ndipo maneno mengi yaliponishinda. Sindano imeshika ncha ya kijiti chembamba, na kijiti kimeshikwa na kipande cha mpira. Vichwa vingine vina mpira mkaidi, vingine vina mpira unaosalimu amri kwa nguvu ndogo sana. Waingereza hukiita kipimo hiki komplayansi, na anayekimbilia kamusi atatoka na "utii", neno linalomfaa mwanafunzi wa bweni. Ulaini nao hauingii, kwani ulaini huguswa kwa ngozi. Fundi wangu alisema "ulegevu", nami nusura nikubali. Kisha akatoa koponi kichwa kingine, cha zamani, ambacho mpira wake ulikuwa umekufa kwa umri: kijiti kilikuwa kimelala upande na hakikurudi. Hicho ndicho kilicholegea. Kichwa kizima hupinda na kurudi, na lugha yetu ina neno la kupinda na kurudi: unyumbufu. Basi yote mawili yabaki, unyumbufu kwa kichwa kizima, ulegevu kwa kilichochoka, na muuzaji wa mtumba aulizwe waziwazi anauza kipi.

Mkono mzito na mpira mnyumbufu vikikutana vinakuwa na mwendo wao wenyewe wa kuyumba. Mtu aliyefunga mkungu wa ndizi nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tyubu anajua: mkungu mkubwa kwenye mpira uliolegezwa hupepesuka polepole, na mkungu mdogo uliokazwa hutetemeka haraka. Barabara ikiwa na matuta yanayofuatana kwa mwendo uleule wa mkungu, baiskeli inakuangusha. Santuri nayo ina matuta yake. Iliyokaa karibu na dirisha lenye jua ikajikunja huutikisa mkono kwa kiasi cha mara moja hadi tano au sita kwa sekunde. Muziki tunaousikia huanzia kama mitikisiko 20 kwa sekunde. Mkono na kichwa vinatakiwa viyumbe katikati, mahali ambapo hakuna wa kuvichokoza, na mafundi wengi huridhika na 8 hadi 12. Vikishuka hapo, spika inahema. Vikipanda sana, vinaanza kuyumba pamoja na besi, na uzi wa sauti nzito wa enanga unavuma kuliko ulivyopigwa.

Hesabu yake inafanyika nyuma ya risiti. Jumlisha uzito wa mkono, wa kichwa na wa skrubu kwa gramu, zidisha kwa unyumbufu, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawa 159 kwa jibu hilo. Kichwa cha Ortofon 2M Red kina gramu 7.2 na unyumbufu wa 20. Kwenye mkono wa gramu 12, pamoja na skrubu, tunapata gramu 20 kwa makadirio. 20 mara 20 ni 400, kipeuo chake 20, na jibu ni karibu mitikisiko 8. Kimependeza, ingawa kiko ukingoni.

Hapo ndipo neno kufanana, likitumiwa badala ya kuendana, linapopotosha. Mtu atadhani mkono mzito unataka kichwa kinyumbufu ili "visaidiane". Mkono mzito unataka kichwa kikaidi. Mkono mwepesi, kama ule wa SME ya Uingereza wa miaka ya 1970, ndio unaoweza kuishi na mpira mnyumbufu sana. Vinaendana kwa kutofanana, na ndiyo maana nashikilia kitenzi kuendana.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa istilahi tupu. Kichwa cha Denon DL-103 cha Japani, kilichobuniwa miaka ya 1960 kwa ajili ya studio za shirika la utangazaji la NHK na kinachotengenezwa hadi leo, huandikwa unyumbufu wa 5. Ukiuingiza kwenye hesabu pamoja na gramu zake 8.5 na mkono wa gramu 12, unapata zaidi ya 15, na unakirudisha dukani. Lakini Wajapani wengi hupima unyumbufu kwa mitikisiko 100 kwa sekunde, na Wazungu kwa 10. Mpira hukaza ukitikiswa haraka. Mafundi huzidisha namba ya Kijapani kwa moja na nusu hadi mbili, na ukichukua mbili, jibu linashuka hadi karibu 11, ndani ya uwanja. Kwa hiyo atakayetunga kamusi ya mambo haya asiandike "unyumbufu" peke yake. Aandike unyumbufu wa mitikisiko 10 au unyumbufu wa mitikisiko 100.

Santuri zetu nyingi zina masharti yake zaidi. Zile ndogo za Nairobi, zenye nyimbo za bendi kama Morogoro Jazz au Simba Wanyika, zilichezwa kwenye baa kwa sindano zilizochoka, na mara nyingi sarafu iliwekwa juu ya kichwa ili mkono usiruke. Sarafu ile iliongeza mkandamizo na uzito kwa mpigo mmoja, na mifereji inaonyesha. Santuri za kale za mizunguko 78 zina mifereji mipana: zinataka sindano yenye ncha ya karibu maikromita 70, wakati santuri za LP zinaridhika na 18 hivi. Sindano ya kisasa ndani ya mfereji wa 78 huzama mpaka sakafuni na kusoma vumbi.

Fundi alipouliza afunge kichwa kipi, tulikubaliana afunge viwili, kila kimoja kwenye kishikio chake cha kuchomoa: kigumu chenye sindano ya ncha nene kwa 78, kinyumbufu zaidi kwa zilizobaki. Kwenye risiti aliandika "vichwa 2, vimeendana", akapiga mstari chini ya neno la mwisho, akaniuliza kama skrubu za ziada nazo nazilipia.