Mwanamke adui wa shujaa: Giganta na mateka wa Kibuuka

Katika vitabu vya mwanzo vya katuni za mashujaa vya Marekani, mwanamke mwenye nguvu kupita kiasi mara nyingi alipewa nafasi ya adui. Sura hiyo si ngeni Uganda. Buganda ina shujaa wake wa kale arukaye angani, naye pia yasimuliwa kwamba aliponzwa na mwanamke.

Giganta ni nani?

Giganta alitokea mwaka 1944 katika toleo la 9 la Wonder Woman, kazi ya mwanasaikolojia William Moulton Marston na mchoraji Harry G. Peter. Katika kisa hicho, gorila jike anageuzwa kuwa mwanamke kwa mashine ya profesa mmoja. Licha ya jina lake, hapo mwanzo hakuwa na uwezo wa kurefuka. Silaha yake ilikuwa nguvu za mwili. Mwaka 1948 aliingizwa katika genge la maadui wa Wonder Woman. Katika katuni ya televisheni ya mwaka 1978 ndipo watazamaji walipomwona akikua na kuwa jitu. Kabla ya hapo, mwaka 1958, sinema ya Attack of the 50 Foot Woman ilikwisha kumwonyesha mke anayekuwa jitu na kumwandama mumewe asiye mwaminifu.

Kibuuka, mpiganaji wa mawinguni

Jina la Kibuuka linahusishwa na neno la Kiganda lenye maana ya kuruka. Masimulizi yanaeleza kwamba alitoka visiwa vya Ssese, akiwa ndugu wa Mukasa, mungu wa ziwa, na kwamba alitumwa kumsaidia Kabaka Nakibinge katika vita dhidi ya Bunyoro. Alijificha ndani ya wingu na kuwarushia adui silaha kutoka juu.

Alikuwa ameonywa asijihusishe na wanawake wa adui. Hakusikia. Alimchukua mateka wa Kinyoro, naye akaijua siri ya maficho yake, akatoroka na kuwaarifu wenzake. Vita vilipoanza tena, wapiga mishale wa Bunyoro walililenga wingu. Kibuuka alijeruhiwa, akaangukia mti huko Mbale, Mawokota, na kufariki dunia. Hekalu lake lilijengwa hapo.

Mmisionari John Roscoe, aliyeandika masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1911, alipeleka masalia ya Kibuuka Cambridge, Uingereza. Mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, yalirejeshwa na kukabidhiwa Makumbusho ya Uganda jijini Kampala.

Adui kwa nani?

Giganta alitishia kwa mwili wake. Mateka wa Kibuuka hakuwa jitu, wala hakushika silaha. Alichokuwa nacho ni habari. Hata hivyo, wote wawili wanatufikia kupitia simulizi ya upande wa shujaa, na simulizi hiyo ndiyo inayoamua nani aitwe mwovu.

Kwa msikilizaji wa Buganda, mwanamke yule alimsaliti mlinzi wa nchi. Kwa Bunyoro, alikuwa binti aliyetekwa vitani, akatoroka na kuwaokoa watu wake. Jina la Kibuuka limedumu kwa karne nyingi, na masalia yake yamehifadhiwa. Masimulizi yaliyozoeleka humwita yeye mateka tu, bila jina.