Kafi la Tano: Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Kikundi chetu cha vijana watano kimeomba mkopo wa halmashauri, shilingi 18,600,000, ili tupige kafi kutoka Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, mpaka Jasini, mpakani na Kenya. Kamati imetuita. Afisa maendeleo ya jamii anapekua jalada letu, anafika kwenye orodha ya wanachama, anavua miwani. "Huyu namba tano," anauliza, "si ndiye yule kijana aliyepotea na mashua kwenye mkondo wa Mafia?"

SASA ENDELEA…

Vichwa vyote mezani vikanigeukia mimi, maana jina la ukoo la namba tano ndilo lililokuwa kwenye namba moja.

"Ndiye, afisa. Ni kaka yangu."

"Amerudi?"

"Hajarudi."

"Sasa anaombaje mkopo?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa la kweli. Kikundi tulikisajili yeye akiwapo. Safari yenyewe aliiwaza yeye. Mimi nilikuwa mwandishi wake tu, kwa sababu hati yake ilikuwa mbaya. Mashua ilipopinduka, wenzake wawili waliokotwa na wavuvi wa Songo Songo wakiwa wameng'ang'ania dumu la mafuta. Yeye hakuonekana. Mama akakataa matanga, akakataa na khitma. "Sijaona maiti," alimwambia shehe, na shehe akanywa kahawa yake akaondoka. Nyumbani kwetu kaka alihesabiwa kuwa yu hai, na mimi sikuwa na ubavu wa kumfuta kwenye katiba ya kikundi huku fomu ikitaka watu watano na sisi tumebaki wanne.

Yote hayo sikuyasema. Nilisema, "Tulichelewa kurekebisha, afisa."

Hakunifokea. Aliandika kitu pembeni ya ukurasa kwa kalamu nyekundu. "Leta mwanachama mwingine. Na huyu mlete kwa kiapo cha wakili, kwamba hajulikani alipo na hakuna katika familia mwenye mawasiliano naye. Bila hicho, siku akitokea atadai sehemu yake hapa."

Watu wawili mezani walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Tuendelee. Biashara yenu ni nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwamba. Mkopo huu unatoka kwenye asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini unarudi. Kamati imezoea kuona ukirudishwa na kuku, cherehani na bodaboda. Haijazoea watu wanaotaka kukokota vyombo vya faiba kwa mikono yao kilomita 800 kwa sababu tu pwani ipo. Wanaosema fedha ya serikali ni ya bure hawajawahi kujaza fomu zake.

Nilieleza kama tulivyofanya mazoezi. Kayaki tatu, mbili za watu wawili wawili na moja ya mtu mmoja, zingeundwa hapa hapa na fundi wetu wa boti. Baada ya safari zingebeba wageni kwenye mikoko na matumbawe ya Ghuba ya Mnazi, ndani ya hifadhi ya bahari, bila injini na bila kelele. Safari ndiyo tangazo. Fedha itarudi kwa miezi ishirini na minne.

"Tangazo la milioni kumi na nane," akasema Mwenyekiti.

Ningeomba Chuchunge abaki kimya, lakini Chuchunge akisimama hakalishwi. Jina hilo alipewa utotoni kwa wembamba wake. Ulimi ndio haukuwahi kukonda.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, dunia inaheshimu watu hawa! Kuna mzee wa Poland, Aleksander Doba. Mwaka 2010 alitoka Dakar kwa kayaki, peke yake, akatokea Brazil mwezi wa pili mwaka uliofuata. Akarudia tena, Ureno mpaka Marekani. Mwaka 2017 akavuka mara ya tatu, ana miaka sabini! Na mashua ya Flipflopi, waliyoiunda Lamu kwa plastiki na ndala za kuokota, mwaka 2019 ilishuka mpaka Unguja na dunia nzima ikaitazama."

"Hao wa ndala walikopa halmashauri?" akauliza mweka hazina.

"Na huyo Doba," akasema Mwenyekiti taratibu, "si ndiye aliyefariki kule juu Kilimanjaro mwaka 2021?"

Chuchunge akameza mate. "Ndiye. Lakini alishafika kileleni."

Nilimvuta shati akakaa.

Aliyetuokoa ni afisa uvuvi, mtu mfupi aliyekuwa kimya muda wote akichora mashua kwenye bahasha. Aliuliza mambo ya bahari, nami nikapumua. Tunaondoka lini? Mwezi wa tisa, kusi ikiwa imelegea lakini bado iko mgongoni, na mkondo wa pwani unapanda kaskazini mwaka mzima. Kwa nini tusisubiri kaskazi? Kwa sababu kaskazi ingetupiga usoni mpaka Jasini. Tutakaa wapi siku za bamvua? Tutavuka milango ya maji siku za maji mafu, na bamvua tutaipumzikia Kilwa. Redio tunayo? Iko kwenye bajeti, mbili, na chaneli 16 itakuwa wazi muda wote. Maji yakiingia? Kila kayaki ina sketi ya mpira ya kuziba tundu la kukalia, na upo wa kufulia maji umefungwa kwa kamba.

"Delta ya Rufiji," akasema bila kuinua macho kutoka kwenye bahasha. "Mtalala wapi?"

Hilo lilikuwa swali lenyewe. Kutoka Somanga kwenda juu ufukwe unakwisha, inabaki mikoko. Maji yakijaa hakuna pa kukanyaga, na yakitoka ni tope la magoti, la mamba na viboko. Nilisema tungelala kwenye kambi za wavuvi, tukitanguliza barua kwa watendaji wa vijiji na viongozi wa BMU. Aliniangalia kwa muda. "Kambi zile si zote zinapenda wageni," akasema, kisha akarudi kwenye mashua yake.

Mwenyekiti alinong'ona na wenzake, halafu akafunga jalada. Fedha ya umma, alisema, haipandi chombo peke yake. Tukionyesha nusu ya bajeti kwa nguvu zetu, 9,300,000, kamati itaipitisha nusu nyingine. Ila anataka orodha, kila mchangiaji kwa majina kamili, kiasi, na uthibitisho wa malipo. Ijumaa, saa tisa alasiri. Baada ya hapo fedha ya robo hii inakwenda kwa kina mama wa mwani.

* * *

Mwanachama wa tano alipatikana jioni ile ile: dada yake Chuchunge, fundi cherehani, aliyekubali kabla hatujamaliza sentensi kwa kuwa alichoka kushona sare za shule. Kiapo ndicho kilichonitoa jasho. Wakili alikisoma kwa sauti, mimi nikanyoosha mkono, nikasema kwamba ndugu yangu, mwenye majina haya matatu, hajulikani alipo, na kwamba mimi na familia yangu hatuna mawasiliano naye ya aina yoyote.

Nilimpelekea mama nakala. Alikuwa anapiga pweza kwenye jiwe uani. Alifuta mikono kwenye khanga, akaishika karatasi ile kwa ncha za vidole.

"Na mimi nimo humu?"

"Imeandikwa familia, mama."

Alinirudishia. "Nenda na safari yako. Sharti langu moja tu. Rufiji usiingie. Pita nje ya Mafia."

Nikadhani hasira. Babu nahodha, ambaye amevusha mbao na nazi kati ya Kilwa na Unguja tangu enzi za matanga ya marekani, alipoambiwa sharti hilo alitema ugoro. "Nje ya Mafia ni bahari kuu. Hapana pwani, hapana nanga inayofika chini. Mama yako kazaliwa pwani, analijua hilo kuliko mimi." Kisha akaninyooshea noti mbili za elfu kumi, zimekunjwa mpaka zimekuwa kama hirizi. "Muulize tena, lakini mwulize vizuri."

Sikuuliza. Nilikuwa na siku nne za kutafuta milioni tisa.

Sisi tunachangia harusi kwa kadi, na msiba kwa daftari. Kuchangia watu watano wakapige kafi hakuna mtu aliyekuwa na mazoea nako. Tulifungua kundi la WhatsApp. Watu sitini wakaingia, ahadi zikamiminika, na kwa kila ahadi tatu ilikuja fedha ya moja. Mwalimu mkuu alitoa elfu hamsini. Fundi alisamehe nusu ya ufundi wake, lakini faiba na gundi yake havisamehewi na mtu. Jumatano usiku tulikuwa bado chini ya milioni tano.

Ndipo dalali wa mnada wa samaki alipotuita. "Acheni simu zenu. Njooni alfajiri."

Mashua ziliingia na mwanga. Kila nahodha aliyeshusha samaki alitoa mmoja pembeni, juu ya turubai la bluu, na dalali akapanda juu ya kreti. Changu mwenye magamba bado yanang'aa. Kolekole wawili. Nguru mrefu, amefungwa mkia kwa ukili. Mama alikuja na pweza wake, akamweka bila kunitazama. "Huyu si wa kula!" akapiga kelele dalali. "Huyu ni wa Jasini! Elfu ishirini! Nani ana thelathini? Bibi wa migahawa, unaangalia wapi? Thelathini na tano!" Wachuuzi waliokuwa wamekuja kutafuta faida walijikuta wanashindana kupata hasara. Chewa mmoja, mkubwa kama mtoto wa darasa la pili, alipandishwa mpaka laki nne, na mkono uliobaki juu ulikuwa wa afisa uvuvi, yuko kwenye kandambili. Alilipa taslimu. Kisha akadai risiti.

"Ya nini, afisa?"

"Orodha inataka majina," akasema. "Nami natokea kwenye orodha."

Alhamisi usiku Chuchunge alinipigia kunisomea salio la kwenye simu ya kikundi. Mimi nilihesabu taslimu iliyokuwa kwenye kopo la maziwa jikoni, nikajumlisha kichwani. 7,140,000. Mama alikuwa anakuna nazi nyuma yangu.

"Imebaki ngapi?"

"Milioni mbili na laki moja na sitini, mama. Haipatikani."

Mbuzi ya nazi ikasimama, kisha ikaendelea.

* * *

Ijumaa, saa saba na nusu mchana, Chuchunge aliingia uani mbio, simu ya kikundi juu ya kichwa chake kama mtu anayevuka mto na nguo.

"Kapteni! Imetimia! Imetimia mpaka shilingi ya mwisho!"

Nikaichukua. Ujumbe ulikuwa wa kawaida, wa kila siku. Umepokea shilingi 2,160,000. Hiyo hesabu sikuwa nimemtajia Chuchunge, wala Babu, wala mtu yeyote kwenye kundi. Niliitaja mara moja tu, jikoni. Macho yangu yakashuka kwenye jina la aliyetuma.

Majina matatu. Yale yale niliyoyatamka mbele ya wakili, kwa mpangilio ule ule.

"Nilidhani mama anatumia laini ya kaka," akasema Chuchunge, furaha ikianza kumtoka.

Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa kidole chake. Ilizama naye, kwenye simu yake, mfukoni mwake, ndani ya mashua. Na fedha haitoki kwenye laini bila namba ya siri.

Nikamgeukia mama. Alikuwa amesimama mlangoni, kifuu cha nazi mkononi. Hakulia, hakushangaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyekasirishwa na mtoto asiyesikia.

"Nilimwambia asitumie jina lake," akasema.

Miguu yangu iliniambia nikae chini. Sikukaa. Bila fedha ile hatuna nusu. Na fedha ile, kwenye orodha ya Mwenyekiti, ingekaa mstari mmoja na majina ya mtu niliyemwapia kwamba hakuna mwenye mawasiliano naye.

"Hatuiandiki," nikamwambia Chuchunge. "Tunairudisha. Tunakwenda na pungufu, tunaomba wiki moja."

Chuchunge alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Kapteni… uthibitisho nimeshampelekea afisa. Nimeupiga picha, nimetuma. Tangu saa saba."

Simu ikatetemeka mkononi mwangu. Ni afisa maendeleo ya jamii.

"Njoo ofisini sasa hivi, na mama yako aje. Kuna mtu amekaa mbele yangu. Anasema namba hiyo ameitafuta tangu siku ile mashua ilipopotea, na anataka kujua kaka yako amejificha kambi gani."

ITAENDELEA WIKI IJAYO