Mvumo katika Gitaa la Umeme

Kila chombo kina ila yake, na mara nyingi ila hiyo huzaliwa siku moja na sifa yake. Gitaa la umeme lilipata sauti yake kuu kwa sumaku na waya. Na kwa sumaku na waya hizo hizo likapata mvumo, yaani ule mlio mnene usiokoma, unaosikika hata kabla mpigaji hajagusa uzi. Fundi aliyebadili nyaya za gitaa lake, kisha akaliwasha na kukuta mvumo umezidi, hudhani amepatwa na balaa ngeni. Kwa kweli amerudi nyuma katika historia, na njia ya kutoka huko ni kuijua historia hiyo.

Mwanzo ulikuwa Los Angeles, Marekani. Huko, katika miaka ya 1931 na 1932, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker walitengeneza gitaa lenye kinasa cha sumaku. Beauchamp alipewa hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1937. Kinasa hicho si kigumu kueleza. Waya mwembamba huzungushwa maelfu ya mara ukawa koili karibu na sumaku. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake huitikisa nguvu ya sumaku, na mtikiso huo huzaa umeme mdogo katika waya. Lakini koili haichagui. Umeme wa majumbani huenda na kurudi, mara 60 kwa sekunde katika Marekani, na mara 50 katika Ulaya na Afrika ya Mashariki; nao hueneza mtikiso wake kandokando ya nyaya na mitambo. Koili huupokea mtikiso huo kama inavyoupokea wimbo.

Mtu aweza kuuliza kwa nini mvumo usichujwe. Jibu ni kwamba uzi mnene kuliko zote hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, na mvumo hauji peke yake, bali huandamana na milio ya mara 120, 180 na zaidi. Milio hiyo imeketi katikati ya sauti za gitaa lenyewe. Anayeichuja huchuja na muziki, mfano wa mtu apepetaye nafaka akamwaga makapi na chakula pamoja.

Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson mjini Kalamazoo, alifuata njia nyingine. Alikuwa amekwisha kuizuia sauti ya mvumo kwa koili katika kikuza sauti, akajiuliza kwa nini kinasa nacho kisitengenezwe vivyo hivyo. Akaweka koili mbili ubavu kwa ubavu. Moja ikaelekezewa ncha ya kaskazini ya sumaku, ya pili ncha ya kusini, na nyaya zao zikaunganishwa kinyume. Mvumo hautoki katika sumaku ya kinasa. Kwa hiyo huingia katika koili zote mbili sawasawa, na kwa kuwa koili zimeunganishwa kinyume, mivumo miwili hupingana na kufutana. Sauti ya uzi hugeuzwa mara mbili, kwanza na sumaku, kisha na waya. Na kitu kilichogeuzwa mara mbili kimerudi kilipokuwa. Mvumo huondoka, sauti hubaki. Lover aliomba hataza mwaka 1955, vinasa vyake vikaingia katika magitaa mwaka 1957, na hataza ikatoka Julai 1959.

Hata hivyo si haki kusema kwamba wazo hilo lilianza naye. Armand Knoblaugh, wa kampuni ya piano ya Baldwin, alikuwa na hataza ya koili za namna hiyo tangu mwaka 1938. Na Ray Butts, aliyetengeneza kinasa cha koili mbili kwa ajili ya magitaa ya Gretsch, aliomba hataza baada ya Lover, mwaka 1957, lakini akapewa Juni 1959, kabla yake. Ugonjwa ulikuwa mmoja, na waganga walikutana katika dawa moja.

Hapo ndipo kosa la fundi linapofahamika. Akizibadilisha nyaya za koili moja tu, mvumo uliokuwa ukifutwa hujumlishwa, na sauti za nyuzi ndizo zinazofutana: gitaa hulia kwa sauti nyembamba na kuvuma sana. Akiizima koili moja makusudi, hakuna kilichoharibika. Amelirudisha gitaa katika hali ya mwaka 1932. Ikiwa mvumo hubadilika anapoligeuza gitaa huku na huku, unaingia kwa koili. Ikiwa hupungua anapogusa nyuzi, ngao ya gitaa ni pungufu. Ikiwa huzidi anapozigusa, yafaa atazame kwanza kama nyaya mbili za tundu la waya zimepishana.

Liko kosa moja ambalo si la sauti. Wako waliokata waya wa ardhi wa kikuza sauti ili kuunyamazisha mvumo. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika kipaza sauti kisichounganishwa na ardhi, huku mkono wake wa pili ukiwa juu ya nyuzi, akafa mbele ya wasikilizaji wake. Mvumo ni udhia, na udhia huvumilika mpaka chanzo chake kijulikane. Waya wa ardhi ni mlinzi, na mlinzi hafukuzwi kwa kuwa anakohoa usiku.