Mwezi utapatwa mkesha wa mwaka mpya wa 2029: Kisumu tutazame mashariki, si ziwani

Usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulipokwisha kuwa mwekundu, dada yangu alinipigia simu kutoka Likoni. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na jirani alikuwa amemwonya asishike kisu wala asichungulie nje, mtoto asije akazaliwa na alama. Nikamwambia kinachoupata mwezi ni kivuli cha dunia, kile kile tunacholala ndani yake kila siku, maana usiku wenyewe ni kivuli hicho. Hakutoka. Mtoto alizaliwa salama, na jirani mpaka leo anasema ni kwa sababu alisikizwa.

Ndiyo sababu safari hii naandika mapema.

Mwezi utapatwa wote Jumapili, Desemba 31, 2028. Kivuli kitaanza kuula saa 12:07 jioni, kabla haujachomoza kwetu. Utazama wote saa 1:16 usiku, ukae humo dakika 71 hadi saa 2:28, kisha uachiwe kabisa saa 3:36. Hapa Kisumu, ninakoishi, utachomoza mnamo saa 12:45 zaidi ya nusu yake ikiwa imeshaliwa, na vilima vya Nandi vitauchelewesha kidogo. Wengi watakimbilia Dunga kutazama ziwa, nao watakuwa wameupa mwezi mgongo. Huko Mombasa mna bahati: utatoka baharini mnamo saa 12 na nusu ukiwa umemegwa. Kwa hesabu ya mwezi mwandamo tutakuwa katikati ya Shaaban, na sehemu kubwa ya giza itaangukia baina ya maghribi na isha, kwa hiyo wenye kuswali sala ya kupatwa kwa mwezi wana nafasi.

Sasa, kwa nini isiwe kila mwezi? Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, jua likiwa upande mmoja, dunia kati, mwezi upande wa pili. Lakini njia ya mwezi imeinama kiasi cha digrii 5 kuliko njia ya dunia kuzunguka jua, kwa hiyo mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli. Ukikiingia hauzimiki. Hewa ya dunia hupinda miale ya jua na kuichuja, ya buluu ikatawanyika, nyekundu ikapenya hadi mwezini. Wekundu ule ni mwanga wa machweo na mapambazuko yote ya dunia kwa wakati mmoja. Wala hauhitaji miwani; hiyo ni ya kupatwa kwa jua, na watu huchanganya.

Wavuvi wa omena hapa, dagaa kwenu, huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika kwa kuwa mwanga wake hushinda taa zao. Mmoja aliniuliza kama saa moja na dakika 11 za giza zinatosha kutia mashua majini. Nilimwambia hesabu ya nyota ninayo, ya petroli ni yake.

Ziwa nalo lina zamu yake. Juni 26, 2029 mwezi utapita karibu na kitovu cha kivuli na kuzama humo kwa dakika 102, kuanzia saa 11:31 alfajiri. Siku hiyo nendeni Dunga. Mnamo saa 12:40 utatua upande wa kusini-magharibi, juu ya ghuba ya Winam, ungali ndani ya kivuli, na jua likichomoza nyuma yenu. Utafifia mbinguni kunapopambazuka, basi wahini mapema. Wa tatu utakuwa usiku wa kuamkia Desemba 21, 2029, baada ya saa 7 za usiku.

Mtoto wa dada atakuwa na miaka mitatu mkesha ule wa mwaka mpya. Nimeshamwambia mamake ampeleke ufuoni kabla ya saa 12 na nusu, na amchukue na yule jirani.