Mozart na Picha Zake: Sura, Cheo na Ushahidi

Wolfgang Amadeus Mozart alizaliwa Salzburg tarehe 27 Januari 1756 na kufariki Vienna tarehe 5 Desemba 1791, akiwa na umri wa miaka 35. Alizikwa katika makaburi ya St. Marx, na mahali hasa alipolazwa hapajulikani. Kinyago kilichochukuliwa usoni pake baada ya kufa nacho kilipotea. Kwa hiyo anayetaka kujua sura yake hana budi kutegemea picha zilizochorwa. Picha hizo hazilingani kwa uzito: kila moja ilichorwa kwa haja fulani, na haja hiyo ndiyo iliyoamua nini kionekane.

Picha za utotoni zilikuwa sehemu ya kazi ya baba yake, Leopold, mpiga fidla wa Askofu Mkuu wa Salzburg, aliyewazungusha Wolfgang na dada yake Nannerl katika majumba ya kifalme ya Ulaya. Picha ya mwaka 1763, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Pietro Antonio Lorenzoni, inamwonyesha mtoto amevaa joho la zambarau lenye nakshi za dhahabu. Vazi hilo alipewa mwaka 1762 na Malkia Maria Theresa, nalo lilikuwa limeshonewa mwanamfalme Maximilian. Mtazamaji anaonyeshwa kwanza fadhila za malkia, uso baadaye. Picha ya Verona ya Januari 1770 iliagizwa na Pietro Lugiati, mwenyeji aliyevutiwa na kijana huyo. Inamweka mbele ya kinanda, ikitukuza kipaji chake.

Mwaka 1777 ilichorwa picha nyingine kwa ombi la Padre Martini, mwanazuoni wa muziki wa Bologna. Humo Mozart amevaa nishani aliyotunukiwa na Papa Clement XIV mwaka 1770. Leopold alimweleza Martini kwamba kisanaa picha hiyo haikuwa na thamani kubwa, ila ilifanana na mwanawe kabisa. Kauli hiyo ni ya thamani kwa mtafiti, kwa kuwa inatenganisha ubora wa sanaa na ukweli wa sura.

Katika majira ya baridi ya 1780 na 1781 Johann Nepomuk della Croce alichora familia nzima. Wolfgang na Nannerl wanapiga kinanda pamoja huku mikono yao ikipishana, Leopold ameshika fidla, na mama, aliyefariki Paris mwaka 1778, yumo katika picha iliyotundikwa ukutani. Mwaka 1781 Mozart aliacha utumishi wa Askofu Mkuu akahamia Vienna, na mwaka uliofuata akamwoa Constanze Weber.

Miaka ya Vienna ilizaa koncheto zake kubwa za piano na opera kama Le nozze di Figaro (1786), Don Giovanni (1787) na Die Zauberflöte (1791). Picha za miaka hiyo ni chache, lakini zimeachana na fahari za kifalme. Mchoro mdogo wa Doris Stock, uliochorwa Dresden mwaka 1789, unaonyesha uso kutoka ubavuni bila nishani wala ala. Picha ya Joseph Lange, shemeji yake, haikukamilika. Kichwa kimechorwa kwa makini, sehemu ya chini ikaachwa. Constanze aliitaja hiyo kuwa ndiyo iliyofanana naye zaidi.

Hata hivyo, sura iliyoenea zaidi vitabuni ni ile iliyochorwa na Barbara Krafft, inayomwonyesha Mozart akiwa amevaa koti jekundu. Ilichorwa mwaka 1819, miaka 28 baada ya Mozart kufa, kwa ajili ya mkusanyo wa Joseph Sonnleithner wa Vienna. Krafft alitumia picha za familia alizopewa na Nannerl, ikiwamo ile ya della Croce. Si picha ya kubuni, lakini ni ushahidi wa mkono wa pili, uliotengenezwa wakati Mozart amekwisha kuwa fahari ya taifa.

Kwa hiyo, picha za utotoni na ile ya Padre Martini zitumike kueleza cheo na ufadhili katika muziki wa karne ya 18. Kuhusu sura yenyewe, picha ya Lange na mchoro wa Stock zinastahili kutangulizwa, kwa sababu wachoraji wake walimwona Mozart kwa macho yao. Ile ya Krafft isomwe kama kumbukumbu ya jinsi karne ya 19 ilivyotaka kumkumbuka.