Qalhat na Kilwa: Magofu Mawili ya Bahari Moja

Kilomita zipatazo 20 kaskazini-magharibi mwa mji wa Sur, katika pwani ya mashariki ya Omani, limesimama jengo moja la mraba ambalo kuba lake limebomoka, na ambalo wenyeji huliita kaburi la Bibi Maryam. Hilo ndilo jengo pekee lililobaki wima la mji wa Qalhat, uliostawi kati ya karne ya 11 na karne ya 15, na ambao kuta zake zilizunguka eneo la hekta zipatazo 35. Sehemu nyingine zote ni misingi, vifusi na matangi ya maji yaliyojengwa kwa mawe na chokaa. Familia inayotoka Maskati kwa matembezi ya siku moja, ikiifuata barabara ya pwani kuelekea Sur, hulipita gofu hilo ikiwa na bahari upande mmoja na milima mikavu upande wa pili.

Miongoni mwa wakazi wa Maskati na miji mingine ya Omani wamo maelfu ya wazungumzaji wa Kiswahili, ambao wao au wazazi wao waliondoka Afrika Mashariki, wengi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na wengine baada ya mwaka 1970, pale Sultani Qaboos bin Said alipotwaa madaraka na kuwaita nyumbani watu wenye asili ya Omani. Kwa familia kama hizo, Qalhat isitazamwe kama mabaki ya ustaarabu wa wengine. Magofu hayo hayaelezeki vizuri bila mji wa Kilwa katika pwani ya Waswahili, kama vile Kilwa isivyoelezeka bila bandari za ng'ambo zilizopokea merikebu zake.

Shahidi mkubwa wa uhusiano huo ni Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, ambaye wanahistoria wengi huiweka safari yake ya pwani ya Waswahili katika mwaka 1331. Baada ya kuzuru Mogadishu, Mombasa na Kilwa, ambako alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyesifika kwa ukarimu, alivuka bahari hadi Dhofar, kisha akaendelea na pwani ya Omani mpaka Sur. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu, akaingia Qalhat akiwa hoi, na humo akauona msikiti ulioinuka juu ya bandari, kuta zake zikiwa zimepambwa kwa vigae vya kashani, yaani vigae vya udongo vilivyong'arishwa kwa rangi, ambavyo jina lake linatokana na mji wa Kashan huko Uajemi. Aliyeujenga msikiti huo, kwa maelezo yake, alikuwa Bibi Maryam, mke wa Baha al-Din Ayaz, mtawala wa Qalhat chini ya ufalme wa Hormuz. Mumewe alipofariki, mwanamke huyo ndiye aliyeshika hatamu za mji. Cheo chake kinastahili kuangaliwa, kwa kuwa bibi ni neno la asili ya Kiajemi ambalo Kiswahili nacho kililipokea, na mtoto wa Kizanzibari hahitaji kutafsiriwa jina la kaburi hilo.

Utajiri wa miji hiyo miwili ulitegemea pepo za msimu: kaskazi, uvumao takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kusukuma vyombo kuelekea Afrika, na kusi, uvirudishao kaskazini. Kilwa iliuza dhahabu iliyopitia Sofala pamoja na pembe za ndovu, Qalhat ikasafirisha farasi kwenda India, na katika magofu ya kote kuwili wanaakiolojia wamefukua vipande vya kaure ya China.

Hata maangamizi yao yalikaribiana. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliishambulia Kilwa mwaka 1505, na mwaka 1508 Afonso de Albuquerque akaichoma moto Qalhat, mji ambao tetemeko la ardhi lilikuwa limekwisha kuudhoofisha, na msikiti wa Bibi Maryam ukateketea pamoja nao. Biashara haikufa, ila ilihamia jirani: majahazi ya Sur yaliendelea hadi karne ya 20 kupeleka tende na samaki wakavu Zanzibar, na kurudi na boriti, yaani magogo ya mikoko ya Afrika Mashariki, yaliyoezekea nyumba nyingi za Omani.

Kilwa Kisiwani iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na Qalhat mwaka 2018, baada ya wanaakiolojia kufukua misingi ya msikiti uleule aliousifu Ibn Battuta. Msafiri huyo aliandika pia jambo ambalo wageni wengi hulipita: kwamba watu wa Qalhat, ingawa ni Waarabu, hawakusema Kiarabu fasaha, bali kila sentensi waliifungia kwa neno «la». Leo, juu ya misingi hiyohiyo, wazazi huwaita watoto wao kwa Kiswahili chenye Kiarabu ndani yake, na watoto huitika kwa Kiarabu chenye Kiswahili.